Datsun ya 1971 na vumbi lake

Wiki hii jioni zangu zote zimekwenda kwenye vumbi la gari dogo la plastiki ninaloliunda. Bodi ya gari nilishaimaliza: nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, namba 11 milangoni, na vibao vya usajili vya Kijapani vinavyoanza na herufi TKS. Ni Datsun 240Z, ile waliyoshinda nayo Edgar Herrmann na Hans Schüller katika Safari Rally ya mwaka 1971, mbele ya Shekhar Mehta aliyekuwa na gari la aina hiyohiyo. Kipimo ni 1/24, yaani kila urefu wa gari halisi umegawanywa kwa 24. Gari halisi lilikuwa na urefu wa mita nne na ushee. Langu lina sentimita 17 na kidogo, na likikaa kiganjani pua yake inatokeza nje ya vidole.

Seti ni ya Hasegawa, kampuni ya mkoa wa Shizuoka huko Japani, mkoa uleule wa Tamiya, kampuni nyingine ya seti za namna hii. Ukifungua boksi unakuta fremu za plastiki zenye vipande vilivyoshikana na vijiti, karatasi ya stika zinazoloweshwa maji kabla ya kubandikwa, mpira wa matairi na kijitabu cha michoro. Kila kitu ni kisafi. Kijitabu hakikuambii gari lilipita wapi.

Boneti ile nyeusi ina sababu yake. Bati linalong'aa humrudishia dereva jua la mchana machoni, kwa hiyo sehemu iliyo mbele ya kioo ilipakwa rangi nyeusi iliyofifia. Ila ukiwa na gari dogo, nyeusi tupu haifai. Gari kubwa tunaliona kwa mbali, na hewa iliyo katikati huipunguza rangi makali. Gari dogo tunalitazama kwa karibu sana, na nyeusi yake huonekana shimo. Basi nyeusi yangu kwa kweli ni kijivu kilichokolea, chenye matone machache ya nyeupe. Unene wa rangi nao una hesabu yake. Tabaka la sehemu ya kumi ya milimita, ukilikuza mara 24, linakuwa karibu milimita mbili na nusu, na sijui fundi wa gereji ambaye angekubali kulitoa gari lenye rangi nene hivyo. Ndiyo maana napuliza nyembamba, naacha ikauke, napitisha msasa laini wenye maji, napuliza tena, mistari ya milango isije ikazibwa.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote ni mikanda ya viti. Mkanda wa mashindano wa inchi tatu una milimita 76. Kwa kipimo changu ni milimita tatu na nukta. Nilikata utepe mwembamba, nikaupitisha kwa kibano kwenye vifungo vya shaba vilivyo vidogo kuliko punje ya mchele, kisha nikaulowesha kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa. Hapo kwenye gundi ndipo penye uhai wake. Mkanda halisi ni mzito. Dereva akishuka huuachia, ukaanguka pembeni na kujikunja mahali ulipoangukia. Utepe mkavu hausikii hilo. Ukilowa, unaweza kuusukuma kwa ncha ya sindano ulale begani pa kiti, upinde mmoja huku, mwingine kule, halafu ukauke hivyohivyo. Nikichungulia kwa lenzi kupitia dirisha la mlango naona viti viwili vilivyoachwa sasa hivi na watu waliochoka. Gharama yake ilikuwa jioni mbili, na paa likishafungwa hakuna atakayeviona ila atakayejua pa kuchungulia. Nafurahi kwamba vipo.

Jumatano alikuja mjomba wangu. Ujana wake ulikuwa Nakuru, na kila Pasaka yeye na wenzake walikuwa wakienda barabarani kungoja magari ya Safari. Aliishika Datsun kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaitazama mpaka chini ya tumbo.

"Zuri kweli," akasema. "Lakini hili bado liko Nairobi, mjomba, halijaondoka."

Nikamwomba aniambie lile aliloliona yeye lilikuwaje. Akakaa, akanywa chai, akanieleza taratibu. Tope lililokauka mpaka usawa wa vioo. Namba ya mlangoni haisomeki. Kwenye kioo cha mbele, sehemu mbili tu safi, pale zilipopita waipa. Nyuma ya gari hakuna rangi kabisa, ni vumbi tupu, hata taa za breki unaziona kwa shida. "Tulilijua kwa mlio kabla ya kuliona," akaniambia, kisha akanyanyua kichwa na kuutoa ule mlio kooni, mlio wa injini ya silinda sita, nami nikasahau chai yangu.

Maneno yake ndiyo yaliyonipa kazi ya wiki hii. Safari ilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilikuwa mashindano ya sikukuu ya Pasaka. Pasaka yetu huangukia kwenye masika. Kwa hiyo gari moja, siku moja, lilipita kwenye mvua likatoka kwenye jua, likatumbukia kwenye tope likaingia kwenye vumbi, katika barabara zilezile walizopita watu na mifugo yao. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 saba tena. Ukiliunda gari la mashindano ya namna hiyo likiwa linang'aa, umeunda gari la maonyesho. Sina ugomvi na wanaopenda hivyo; wapo mafundi wenye mikono ambayo natamani ingekuwa yangu, na magari yao yanang'aa kuliko kioo. Ila mimi nataka gari langu liwe na saa yake. Nimeamua: ni siku ya mwisho, alasiri, mvua imekatika, barabara imeanza kukauka.

Uamuzi huo ukishafanyika, mengi yanajipanga yenyewe. Tope linatangulia, vumbi linafuata juu yake. Tope hurushwa na tairi kuelekea nyuma na juu, kwa hiyo nyuma ya kila gurudumu kuna mkupuo mzito unaofifia kadiri unavyopanda mlangoni. Mbele ya gurudumu hakuna kitu cha maana. Vumbi lenyewe halirushwi, linatua. Linakaa juu ya paa, kwenye mifereji ya maji, kwenye kingo za vioo. Na mkiani ndiko linakojaa zaidi, maana gari likienda kasi huacha nyuma yake hewa hafifu inayolivuta vumbi lirudi na kugandamana na mlango wa nyuma. Mjomba hakuwa ameniambia sababu. Alikumbuka tu kwamba nyuma hapakuwa na rangi.

Halafu kuna udongo wenyewe, na hapa sisi tunaoishi huku tuna deni la kufanya vizuri, kwa sababu tunaujua. Udongo mwekundu wa Kiambu na Murang'a si ule mwekundu wa Tsavo, unaowabadilisha rangi hata tembo. Udongo mweusi wa mbuga, ukilowa, hunata mpaka gurudumu lishindwe kuzunguka. Na kule Naivasha, ambako Safari imekuwa ikikimbiwa tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kuna unga wa kijivu wa majivu ya volkano ya Bonde la Ufa, ule ambao madereva wanauita fesh-fesh. Nimeona magari madogo ya Safari yaliyoundwa mbali na huku, kazi safi ajabu, ila yamepakwa kahawia moja kuanzia bampa hadi bampa. Anayejua barabara zetu hulitambua hilo papo hapo.

Mtu angedhani ningechota udongo nje nikaunyunyiza. Haikubali. Chembe ya mchanga ya sehemu mbili za kumi za milimita, kwenye gari langu ni kokoto ya karibu milimita tano, na paa la Datsun haliwezi kubeba kokoto. Natumia chaki za rangi za wachoraji. Nazisugua kwenye msasa mpaka zitoe unga, nachanganya mwekundu, kahawia na kijivu kidogo, kisha naupaka kwa brashi laini juu ya vanishi isiyong'aa, maana kwenye rangi inayong'aa unga hauna pa kushika. Tope nalitengeneza kwa unga huohuo, jasi kidogo na gundi nyeupe, na nalirusha kwa kupuliza hewa kwenye brashi iliyolowa, kutoka upande lilikotoka kweli, yaani kwenye tairi.

Jana usiku nilifanya kioo cha mbele. Nilikata vipande viwili vya utepe wa kufunikia kwa umbo la mpito wa waipa, nikavibandika, nikapaka vumbi kote, nikavibandua. Kulia na kushoto pakabaki pasafi, na pale katikati, waipa zinapopishana, mstari mwembamba wa uchafu uliosukumwa ukakaa kwenye ukingo. Ule mstari nimeuongeza kwa brashi yenye unywele mmoja, maana waipa haifuti tope, inalisogeza tu. Nilibaki nimeukodolea macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kilichobaki ni mlango wa nyuma na matairi. Mlango wa nyuma nauogopa kidogo kwa sababu unataka tabaka nyingi nyembamba, na kila tabaka likae usiku mzima kabla ya jingine. Matairi ni rahisi zaidi: katikati, panapogusa barabara, husuguliwa yakabaki meusi, na udongo hukaa kwenye mashavu na ndani ya meno. Mjomba ameahidi kuja tena Jumapili ijayo na mwenzake mmoja wa zile Pasaka. Kabla hawajafika nataka niwe nimeamua kuhusu namba ya mlangoni. Mjomba anasema ifunikwe yote. Mimi nataka namba moja ya kwanza ionekane nusu, upande ule ambao mtu wa kituo cha ukaguzi angepitisha mkono wake kuisoma.

Kwenye rafu kuna boksi jingine linalongoja, la kampuni ya Beemax: Toyota Celica ya Safari ya 1985, mwaka ambao Juha Kankkunen alishinda. Lina bampa la vyuma mbele. Nimeanza kukusanya picha zake.