Mgandamizo mkubwa wa hewa, mbona anga kavu hivi?

Watu wengi wakisikia mtabiri wa hali ya hewa anasema mgandamizo mkubwa wa hewa, yaani eneo ambalo hewa inakandamiza chini kwa nguvu kuliko maeneo ya jirani, wanapita tu, ila hiyo ndo siri ya siku nyingi za jua bila hata wingu moja. Iko hivi, hewa ya juu inashuka, na ikishuka inabanwa, ikibanwa inapata joto karibu digrii 10 kila kilomita, sasa mawingu yatatoka wapi wakati matone ya maji yanakauka na kuwa mvuke?

Mfano mzuri ni ule wa Mascarene kule kusini mwa Bahari ya Hindi, ukipata nguvu kati ya Juni na Agosti ndo unasukuma upepo wa kusi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Wa Siberia, kule Urusi upande wa Asia, ni mwingine kabisa, unatokana na ardhi kupoa sana kipindi cha baridi, hewa inakuwa nzito inalala chini.

Halafu anga safi sio lazima iwe raha, usiku joto linapotea haraka, asubuhi ukungu, na mijini moshi unakwama kwa sababu hewa ya joto imekaa juu kama mfuniko. Binafsi naona hilo la moshi halisemwi vya kutosha.