Joto la Chumba Kipi? Chizikeki Isiyookwa Katika Jiko la Dar es Salaam

Chizikeki (keki ya jibini laini juu ya tabaka la biskuti) ya kwanza niliyoitengeneza kwa mikono yangu ililiwa kwa vijiko kutoka kwenye bilauri. Niliitoa kwenye friji saa tatu usiku, nikafungua ile bangili ya chuma inayozunguka chombo cha keki, na papo hapo, mbele ya wageni, ikaanza kutanuka taratibu juu ya sinia, huku siagi ikichuruzika kutoka kwenye tabaka la biskuti na kutuama pembeni. Shangazi yangu, ambaye hana desturi ya kumliwaza mtu kwa uongo, alionja kijiko kimoja, akatafakari, akasema, "Mtindi wako mtamu, mwanangu. Sukari tu umezidisha."

Nilikuwa nimefuata maelekezo neno kwa neno, nayo yalikuwa mepesi: hakuna oveni, hakuna mayai, hakuna kuvizia moto. Yalisema jibini laini iachwe mezani hadi ifikie joto la chumba, siagi iyeyushwe, krimu ipigwe hadi isimame, kisha vyote vikae kwenye friji kwa saa nne. Nilipoyasoma tena wiki iliyofuata ndipo nilipojiuliza ni chumba kipi kilichokusudiwa. Aliyeyaandika alikuwa akipika Uingereza, ambako chizikeki isiyookwa ni jambo la kawaida majumbani, na bila shaka jiko lake lilikuwa na nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Jiko langu, lililo ghorofa ya tatu upande unaopigwa na jua la mchana, hufika nyuzi 31 au 32 mwezi wa Februari hata madirisha yakiwa wazi. Siagi humaliza kuyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35. Kwangu, basi, siagi haihitaji moto ili iyeyuke; inahitaji kusahauliwa mezani tu.

Nimeitengeneza mara nyingi tangu siku ile, na msimamo wangu ni kwamba keki hii inapikwa, ila inapikwa kwa baridi, na anayeitengeneza Pwani hana budi kuisimamia baridi kama mpishi wa pilau anavyousimamia mkaa. Vitu vitatu ndivyo vinavyoishikilia isianguke, yaani siagi iliyomo kwenye biskuti, mafuta ya maziwa yaliyomo kwenye krimu, na jelatini (unga wa kugandishia), na vyote vitatu hulegea kwenye joto ambalo sisi tunaliita hali ya hewa.

Tabaka la chini halina mambo mengi. Nachukua gramu 200 za biskuti za kahawia za ngano nzima, nazitwanga kinuni badala ya kuzisaga kwa mashine, kwa sababu ninachotaka ni chenga. Zikiwa unga zinainywa siagi yote na kugeuka tofali. Siagi ni gramu 90. Nikizifumbata chenga zinashikana, na nikifungua mkono hazibomoki, lakini kiganja hakibaki kimelowa mafuta. Nazishindilia kwa kitako cha bilauri, kisha chombo kinaingia friza kwa nusu saa.

Jibini ndiyo inayotaka maelezo. Ile jibini laini ya krimu inayouzwa kwenye vipakiti ilianza kutengenezwa miaka ya 1870 na William Lawrence, mfuga ng'ombe wa Chester katika jimbo la New York, na mpaka leo kanuni za Marekani zinaitaka iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 33. Huku kwetu inaletwa kwa meli au ndege, na mara nyingi bei yake imenifanya niirudishe rafuni polepole, nikijifanya nilikuwa nasoma lebo tu. Kwa hiyo nanunua nusu, na nusu nyingine naitoa kwenye mtindi. Lita 2 za mtindi mzito usio na sukari nazimimina kwenye kitambaa cha marekani kilichofuliwa kwa maji matupu (kilichofuliwa kwa sabuni ya unga kitakupa keki yenye harufu ya mashuka, nimeshaila), nakiweka ndani ya chujio juu ya bakuli, na juu yake sahani na kopo la maharage. Vyote vinalala kwenye friji. Asubuhi nakuta gramu 700 hivi za kitu cheupe, kizito, kinachosimama juu ya mwiko bila kudondoka, na chini yake maji ya rangi ya majani makavu ambayo nayakandia chapati.

Mtindi uliochujwa hauna mafuta mengi kama jibini ya dukani, na ni mchachu zaidi. Ndiyo maana sitii maji ya limau, naparuza ganda lake tu, na ndiyo maana pia siwezi kuiacha jelatini. Nachanganya gramu 250 za mtindi huo na gramu 250 za jibini, gramu 100 za sukari ya unga, na iliki iliyotwangwa, kiasi cha kubanwa kwa vidole viwili. Wanaopenda vanila watumie vanila. Mimi naona iliki inaelewana na uchachu wa mtindi kuliko vanila inavyoelewana nao.

Krimu ndiyo iliyoniangusha mara ya kwanza. Niliipiga dakika kumi, ikabaki maji matupu, kisha ghafla ikakatika ikawa punje za njano zinazoelea kwenye maji meupe: nilikuwa nimetengeneza siagi. Krimu husimama kwa sababu vitone vya mafuta vilivyo baridi hushikana kwa sehemu tu na kuizunguka hewa unayoiingiza. Vikiwa na joto huwa laini mno, havina nguvu ya kuibeba hewa hiyo, na mwisho huungana vyenyewe. Siku hizi bakuli na mchapo wa kupigia krimu vinakaa friza robo saa, krimu inatoka friji wakati ninapoihitaji na si kabla, na bakuli linakaa ndani ya bakuli kubwa lenye maji na barafu. Mililita 250 za krimu yenye mafuta ya asilimia 35 husimama kwa dakika tatu au nne. Nainua mchapo, ncha ikisimama na kuinama kidogo mwishoni, naacha hapo hapo.

Kwa jelatini, nanyunyiza gramu 10 juu ya vijiko vinne vya maji baridi, naiacha dakika tano ivimbe, kisha naiyeyusha juu ya maji ya moto bila kuichemsha. Ukiimwaga moja kwa moja kwenye jibini baridi itaganda katikati ya mmimino na utapata nyuzi za mpira kama tambi. Koroga kwanza vijiko vitatu vya jibini ndani ya jelatini, ndipo uurudishe mchanganyiko huo kwenye bakuli, na krimu uiingize mwisho kwa mwiko, ukigeuza kutoka chini kuja juu. Waislamu wenzangu wasome paketi, kwa kuwa mara nyingi jelatini hutokana na ngozi ya nguruwe. Ya ng'ombe yenye alama ya halali inapatikana.

Juu naweka embe lililosagwa au pasheni. Nanasi bichi silisogezi karibu, wala papai. Kila aliyewahi kupaka papai bichi kwenye nyama ya mishikaki anajua linavyoilainisha. Jelatini nayo imetoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na papai huivunja kwa namna ile ile, kisha keki inakuwa mchuzi. Nanasi likichemshwa dakika chache hupoteza nguvu hiyo.

Saa nne za friji za yule mwandishi nimezigeuza kuwa usiku mzima, na sababu mojawapo ni umeme. Jioni ya keki ile ya kwanza ulikatika saa kumi na moja, nami kwa wasiwasi nilikuwa nafungua mlango kila dakika ishirini kuangalia kama imeganda, nikiutoa nje ubaridi uliobaki. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi yake kwa saa nne hivi. Sasa napanga chupa za maji yaliyoganda pembeni mwa chombo, nafunga, naondoka.

Mwezi uliopita niliipeleka Magomeni kwa shangazi ndani ya deli la barafu, nimeipakata kwenye bajaji. Nilikata kwa kisu nilichokichovya kwenye maji ya moto na kukifuta kila baada ya kipande. Shangazi alikisukuma kipande chake kwa ncha ya uma, kikatikisika kidogo na kurudi mahali pake. Akakisukuma tena.

"Leo mtindi umesimama," akasema, akanyoosha sahani aongezwe.