Wakimbizi 160,000: hesabu ilikuwa sawa, mgawo ukakwama

Mgawo wa wakimbizi wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2015, uliolenga kuwahamisha waombaji hifadhi 160,000 kutoka Italia na Ugiriki kwenda nchi nyingine wanachama, ukitajwa, lawama huiangukia kanuni ya hesabu iliyopanga kila nchi ipokee wangapi. Inaonewa. Idadi ya watu wa nchi ilibeba asilimia 40, pato la taifa 40, ukosefu wa ajira 10, na maombi ya hifadhi yaliyopokelewa 2010 hadi 2014 asilimia 10. Viwili hivi vya mwisho vilipunguza mgawo wa nchi, na vikawekewa ukomo visivuruge hesabu nzima.

Tatizo lilianzia kwenye kura. Nafasi 40,000 za kwanza zilitegemea ahadi za hiari za nchi. Zile 120,000 zilizofuata zilipitishwa kwa wingi wa kura Septemba 22, 2015, huku Czechia, Slovakia, Hungaria na Romania zikipinga na Finland ikijizuia kupiga kura. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilitupa kesi ya Hungaria na Slovakia. Ushindi wa makaratasi, kwa sababu Hungaria haikupokea hata mtu mmoja, wala Poland. Romania iliyopinga, ajabu, ilipokea mamia.

Kuna na sharti lililochuja watu kimyakimya: walihamishwa raia wa nchi ambazo asilimia 75 ya maombi yao ya hifadhi au zaidi yalikubaliwa Ulaya nzima, na takwimu zilipitiwa kila robo mwaka. Wasyria na Waeritrea walipita. Wairaki waliondolewa katikati ya 2016, na wengi waliotua Italia, Wanigeria kwa mfano, hawakuhusika kabisa.

Aliyepita alichukuliwa alama za vidole, jalada lake likapelekwa kwa nchi iliyotoa nafasi, nayo ikamkagua kiusalama. Muda ulikuwa miezi miwili. Hapa ndipo majalada yalipolala: baadhi ya nchi zilitaka familia tu, zikawakwepa vijana wa kiume walio peke yao, sharti lisilokuwamo kwenye uamuzi. Nchi iliyopokea ililipwa euro 6,000 kwa kila mtu. Hadi mpango unafungwa, waliohamishwa walizidi 34,000 kidogo.

Mkataba wa uhamiaji na hifadhi wa Umoja huo wa 2024 umeacha kulazimisha kupokea watu, ingawa kuchangia ni lazima: nchi ichukue watu, ilipe euro 20,000 kwa kila nafasi, au itoe maofisa na vifaa. Kiwango cha chini kwa mwaka ni nafasi 30,000 na euro milioni 600. Naona wengi watalipa, maana waziri anayekabili uchaguzi hupata shida ndogo kuitetea hundi. Ahadi za kila mwaka zikitoka, anza kusoma safu ya watu kabla ya safu ya fedha.