Nilivyozoea lenzi za macho katika kazi ya upishi

Miwani na sufuria ya pilau havipatani. Ukifunua tu, vioo vinajaa mvuke, na mtu mwenye miwani ya namba hasi 6.50, yaani asiyeona mbali, kama mimi hata wali ulioiva haujui na ulio mbichi. Napika kwenye shughuli hapa Dar es Salaam, na miaka yote hiyo nimefuta vioo kwa ncha ya kanga huku jasho likiiteremsha miwani puani. Ndipo nikaenda kuuliza habari za lenzi.

Dokta wa macho alipima mviringo wa jicho, akaangalia kama machozi yangu yanatosha, kisha akaandika hasi 6.00. Nikadhani amekosea. Kumbe lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe, wakati miwani inasimama mbali kidogo, kwa hiyo kwa namba kubwa kama yangu nguvu ya lenzi hupungua.

Kuvaa ndiko kulikonitoa jasho. Hakuumi, ila kope halikubali: likiona kidole kinakuja, linafunga. "Mama, usikiangalie kidole, angalia kioo," dokta alirudia mpaka nikamwonea huruma. Kilichonisaidia ni kulikamata kope la juu pale pale nywele zake zinapootea. Ukilishika katikati, bado linapata nafasi ya kupepesa. Na kidole kiwe kikavu, maana kikilowa lenzi hung'ang'ania kidole badala ya jicho. Kabla ya kuiweka naitazama kwa ubavu: ikisimama kama bakuli, iko sawa, kingo zikimwagika nje, imegeuka.

Kuvua kuna hofu yake. Unatazama juu, unaiteremsha lenzi hadi kwenye weupe wa jicho, unaibana taratibu kwa nyama ya vidole, si kucha. Niliogopa itapotelea nyuma ya jicho. Haiwezi, kwa sababu ngozi laini inayofunika weupe wa jicho inajikunja chini ya kope na kuziba njia. Ikisogea sana itakwama chini ya kope tu.

Nilianza na saa nne kwa siku, nikawa naongeza kidogo kidogo. Vitu vilionekana vikubwa kuliko nilivyozoea, maana miwani ya hasi huvipunguza, na ngazi za kumbi zikanipa wasiwasi kwa muda. Jambo ambalo sikulitarajia ni maandishi ya karibu. Nimevuka arobaini, na miwani yangu ilikuwa ikinipunguzia kazi ya kutazama karibu bila mimi kujua. Nilipovaa lenzi, orodha ya viungo ikawa haisomeki mpaka niisogeze mbali. Nikaishia kununua miwani midogo ya kusomea. Naam, nimekimbia miwani nikaiangukia miwani.

Jikoni sasa. Vitunguu nakata gunia zima bila chozi, kwa sababu lenzi imeufunika ule uso wa jicho unaowashwa. Pilipili ndiyo adui. Sabuni peke yake haiutoi ukali wake vidoleni, kwa hiyo nasugua kwanza mafuta ya kupikia, kisha sabuni, na hata hivyo siku yenye kachumbari nyingi pilipili nampa binti anayenisaidia. Moshi wa kuni nao sijauweza. Macho yanakauka, lenzi inakwaruza, basi kwenye mafiga navaa miwani. Lenzi ni za siku ya gesi. Ile hadithi kwamba joto la moto linayeyushia lenzi jichoni nilitumiwa na shangazi kwenye WhatsApp. Lenzi laini huuliwa vijidudu kiwandani kwa mvuke wa nyuzi joto 121 hivi. Kabla haijafika huko, uso wangu ungeiva kwanza.

Maji yana sharti gumu zaidi. Ya bomba, ya kisima, ya baharini, hata yaliyochemshwa, hayagusi lenzi, maana kuna amiba wa majini anayeweza kula kioo cha jicho hadi mtu apofuke. Nanawa, nafuta mikono kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ndipo naigusa. Kikasha nakiosha kwa dawa yake, nakianika kimefunuliwa, na kila miezi mitatu nanunua kingine. Udhu natia nikiwa nimefumba macho. Kulala nazo sithubutu, hata shughuli ikiisha alfajiri na mwili hautamani kitu ila mkeka.

Binti yule sasa anataka za rangi ya kijivu, za kupendeza kwenye harusi, alizoziona kwenye duka la vipodozi.

"Ukapimwe kwanza," nikamwambia. "Hata ya urembo inakaa juu ya jicho."

"Sawa, mama, lakini dokta hapatani bei."