Saa yangu moja kule Delft

Katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, mtetezi wa tasnifu ya udaktari huhojiwa kwa saa moja tu. Saa ikitimia, mshika fimbo wa chuo huingia ukumbini na kutamka kwa Kilatini, "Hora est." Hapo unanyamaza, hata kama sentensi haijaisha.

Zamu yangu ilikuwa mwaka 2012. Nilivaa koti jeusi la kukodi, wapambe wangu wawili ubavuni kama desturi yao inavyotaka: Mholanzi mmoja niliyefanya naye kazi maabara, na mdogo wangu wa kike aliyetoka Arusha. Sisi ni watoto wa miteremko ya Mlima Meru, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Meno ya mdogo wangu ni ya kahawia tangu alipoyaota, na tuliwajua watoto ambao miguu yao ilipinda kabisa. Maji hayo hayana ladha wala harufu ya kukuonya, na ukiyachemsha unazidisha, kwa kuwa maji yanapungua na floraidi inabaki.

Tasnifu yangu ilihusu kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Pamoja na tasnifu, Delft hukudai hoja fupi fupi ambazo nazo uko tayari kuzitetea. Moja yangu ilisema kwamba kiwango cha Tanzania cha wakati ule, miligramu 4 kwa lita, kilipimwa kwa mfuko wa serikali, si kwa mifupa ya mtoto. Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema 1.5. Hoja hiyo bado naisimamia.

Maswali ya mwanzo, ya hisabati na uchachu wa maji, yalipita vizuri. Kisha mtahini mmoja, profesa mzee aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: mama akiwa na kichujio chako jikoni, atajuaje kwamba mkaa umechoka, hauichuji tena floraidi?

Ndilo swali lililostahili saa nzima. Nikajibu kwamba floraidi ya kisima hupimwa, uzito wa mkaa unajulikana, kwa hiyo idadi ya ndoo ambazo mkaa utachuja inajulikana pia; basi mama atahesabu ndoo.

"Na ndoo waliyochota watoto yeye akiwa shambani, nani ataihesabu?"

Nikasema kwamba kwa sababu hiyo hiyo sura ya mwisho inakitoa kichujio jikoni na kukiweka kisimani, chini ya fundi mmoja mwenye kipimo, anayelipwa na...

"Hora est."

Watahini wakatoka kwenda kushauriana, wakarudi, msimamizi wangu akanisifu, nikakabidhiwa cheti. Mama yangu alipiga vigelegele ambavyo ukumbi ule nadhani haukuwa umezoea.

Kwenye tafrija yule profesa akanifuata moja kwa moja. "Analipwa na nani?"

"Na kamati ya maji ya kijiji, kwa shilingi zile zile ambazo watu hulipia kila ndoo."

"Watu watakubali kulipia kitu wasichokiona?"

Mdogo wangu akanitangulia kujibu. Alimwambia kuwa faida itaonekana mtoto atakapoota meno ya pili, kwa hiyo fedha za fundi zipangwe kwa miaka 7 tangu mwanzo, zisitegemee uvumilivu wa watu. Profesa akamvutia kiti, akamuuliza ndoo moja inauzwaje kijijini kwetu, na wawili hao wakaanza kupiga hesabu ya mshahara wa fundi.