Nilivyohangaika na filta ya oili kwenye Mini yangu ya zamani

Mi zamani nilikuwa najua filta ya oili ni kopo tu, mpira ukikaa vizuri na kopo likijifunga basi kazi imeisha. Ujuzi huo ndo ulionimwagia oili chini ya gari, na karibu uniulie injini ambayo spea zake unatafuta kama sindano.

Gari yenyewe ni Mini ya miaka ya 70 mwishoni, injini 998 cc, ile iliyowekwa kukatiza upana wa gari. Kwa asiyeijua, hii gari injini na gia boksi zinatumia oili moja, kama lita 5 hivi, inalainisha beringi za krenki (shafti kuu ya injini) halafu hiyohiyo inaenda kuzungukia gia. Maana yake vumbi lote la chuma linalotoka kwenye gia linapita kwenye filta kabla halijarudi kwa beringi. Kwa hiyo filta kwenye hii gari sio pambo.

Filta ya kwanza niliyofunga ilifanana kabisa na ya zamani, urefu uleule, mpira mduara uleule, nikaizungusha ikaingia. Ila kuna kitu nilikihisi nikakipuuza, mwanzoni ilikuwa inachezacheza kwenye meno ya kufungia, nikasema si itakaza ikifika mwisho. Ikakaza kweli! Nikawasha, mngurumo ukatulia, taa ya oili ikazima, nikafurahi. Sasa injini ikiwa baridi oili inakuwa nzito na presha inapanda sana, nilivyokanyaga mafuta kidogo tu nikasikia puu, filta imeruka, oili imetapakaa mpaka kwenye taa za mbele na ile taa nyekundu inaniangalia. Nilizima haraka, bahati gari ilikuwa imesimama.

Kumbe tatizo ni meno. Kile kibomba chenye meno kinachoshika filta kwenye gari yangu ni robo tatu ya inchi, UNF (aina ya meno ya inchi, membamba), meno 16 kwa inchi. Filta niliyofunga ilikuwa ya milimita, M20 kwa 1.5, yaani upana milimita 20 na hatua ya meno milimita 1.5. Ukipiga hesabu, robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, na hatua ya jino moja hadi jingine ni kama 1.59. Yaani zinakaribiana kiasi kwamba moja inaingia kwenye nyingine na mkono wako unakudanganya kabisa, ila meno yameshikana kwa ncha tu. Ingekuwa tofauti kubwa isingeingia na nisingepata hasara, hii ya kukaribiana ndo mbaya.

Dawa niliyoipata ni rahisi mpaka naona aibu. Nilitafuta boliti ya robo tatu UNF, nikaisafisha, nikaiweka mfukoni. Kabla sijanunua filta naingiza boliti yangu pale katikati, ikiingia laini bila kucheza naendelea, ikicheza narudisha kopo kwenye rafu hata kama mwenye duka ananiambia wote wanafunga hiyohiyo. Na mpira naupima kwa vernia (kile kipimo cha kubana), kwa sababu lazima ukae katikati ya sehemu bapa ya kichwa cha filta, pale kwenye injini inapofungiwa, sio ukingoni.

Filta ya pili meno yalikuwa sawa, haikuvuja, ila kila asubuhi nikiwasha injini inagonga ka-ka-ka sekunde kadhaa na taa inachelewa kuzima. Nikaanza kufikiria beringi zimekwisha, usiku sikulala vizuri. Kumbe filta ya hii gari imelala ubavu, usiku oili iliyomo inarudi zake kwenye sampu (bakuli la oili la chini), asubuhi pampu inaanza kujaza kopo tupu kwanza ndo ipeleke oili juu. Filta nzuri ina valvu ya mpira inayozuia oili isirudi. Chungulia kwenye vile vitundu vya pembeni, utaona ulimi wa mpira, usukume na kijiti cha kiberiti, unatakiwa ubonyee na urudi wenyewe. Yangu ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu. Mpira wa kawaida mweusi unakakamaa kwa joto na kwa kukaa miaka dukani, wa silikoni unabaki laini, mimi nikiona silikoni nachukua. Kama filta ya gari yako inaning'inia wima mdomo juu, hilo wala lisikuumize kichwa sana.

Halafu kuna hii ya mikroni (sehemu ya elfu ya milimita), namba inayotaja ukubwa wa uchafu ambao filta inanasa. Nilipagawa nayo kidogo nikataka filta kali kuliko zote. Lakini namba peke yake haisemi kitu, mtu anaandika mikroni 20, sawa, inakamata asilimia ngapi ya uchafu wa ukubwa huo? Nusu au karibu wote? Na karatasi ikibana sana kwenye kopo dogo, oili nzito ya 20W-50 asubuhi inashindwa kupita, valvu ya dharura iliyo ndani ya filta inafunguka, oili inapita bila kuchujwa kabisa. Nikaachana na ukali nikaanza kukata filta zangu kuukuu na kifaa cha kukatia bomba (msumeno unajaza vumbi la chuma lake mwenyewe, utachanganyikiwa), nakunjua karatasi naangalia. Moja nilikuta mikunjo michache na gundi imeachia upande mmoja, oili ilikuwa inapita pembeni tu. Nyingine mikunjo imejaa, na uchafu umenaswa kila mahali. Hiyo ndo nimebaki nayo, nabadilisha kila kilomita 5,000, na sumaku ya nati ya kumwagia oili naifuta kila mara.

Kufunga sina mengi, hakikisha mpira wa zamani haujabaki umeganda kwenye kichwa cha filta, paka oili mpya mpira mpya, ukishagusa ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana weka mbali.

Sasa hivi asubuhi taa inazima kabla sijaachia ufunguo. Shida iliyobaki ni ya kujitakia, kwa kuwa valvu inafanya kazi filta inakuwa imejaa, na nikiifungua oili inatiririka juu ya gia boksi yote. Nimekata chupa ya plastiki nikaitengenezea mfereji, bado inanifika mpaka kwenye kiwiko.