Leso ya saa 24: mji umeanza kujaa

Pindo, yaani ukingo wa leso, limekamilika, na kazi sasa imeingia katika mji, sehemu ya katikati ya leso ambayo ndiyo iliyonifanya niuanzishe mradi huu. Ninadarizi kwa mkono kipande cha bafta nyeupe chenye ukubwa wa leso ya kawaida, takriban sentimita 150 kwa 110, na ndani yake ninaandika kwa uzi siku moja ya mama mmoja wa Majengo anayemuuguza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja wa mwili.

Mji nimeugawa katika mistari 24, mmoja kwa kila saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Uzi wa buluu ni maji: kuipokea mitungi kwa mwenye mkokoteni, kufua mashuka, kumwogesha mgonjwa. Uzi mwekundu ni moto na chakula. Uzi mweupe, unaopita juu ya kitambaa cheupe, ni kazi zisizoacha alama yoyote zinapokwisha: kumgeuza mgonjwa ubavu asije akapata vidonda vya kulalia, kuzisikiliza pumzi zake usiku, kukumbuka saa za dawa, kumtuliza anapolia kwa kushindwa kutamka analotaka. Mshono wenyewe nilifundishwa na bibi yangu aliyedarizi kofia za kuuza, naye alikuwa akisema kwamba kofia nzuri huijua kwa kidole kabla ya jicho.

Rafiki zangu wawili wenye ujuzi wa kupiga picha wamenishauri niuache uzi mweupe nitumie wa kijivu, kwa sababu kwenye picha mistari ya usiku inaonekana kama sehemu ambayo haijashonwa. Nimelifikiria shauri hilo kwa uzito na nimelikataa. Mistari hiyo ionekane mitupu kwa anayepita haraka, na anayetaka kujua kilichomo asogee, aimulike kwa pembeni, aiguse.

Anayenisaidia zaidi katika uamuzi huu ni Mierle Laderman Ukeles, msanii wa Marekani ambaye mwaka 1969, akiwa na mtoto mchanga, aliandika ilani ya sanaa ya utunzaji. Humo alitenganisha kazi ya kuanzisha mambo mapya, ambayo ndiyo hupewa sifa, na kazi ya kuyatunza yaliyokwisha kuanzishwa, ambayo ndiyo hula maisha ya watu, akauliza pia baada ya mapinduzi ni nani atakayezoa taka Jumatatu asubuhi. Mwaka 1973 aliosha ngazi za jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum mjini Hartford kwa mikono yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa sanaa. Ngazi iliyosafishwa vizuri haimwambii mtu kwamba kuna aliyepiga magoti juu yake, na hapo ndipo ninapouona ugumu wa somo hili lote: ulezi ukifanywa sawasawa, hakuna kinachotokea. Mgonjwa hapati kidonda, shuka halinuki, mgeni huingia akaona chumba tu.

Jambo jingine nimelichukua katika kazi yake ya mwaka 1976, alipowaomba wafanyakazi 300 wa usafi na matengenezo wa jengo moja la New York waichague saa moja ya kazi yao na kuihesabu kuwa sanaa. Uchaguzi ulikuwa wao. Nami nilimwomba mama huyu wa Majengo aamue kipi kiingie katika leso na kipi kisiingie. Nilidhani angetaka mapishi yake yatangulie, lakini alinizuia nisiyape nafasi kubwa. "Mwanangu, kupika kunaonekana, maana watu hula. Mimi niandikie usiku." Kwa hiyo mistari ya kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri ndiyo iliyojaa mishono kuliko yote.

Suala la uso lilinichukua muda mfupi. Ninaipenda mno kazi ya Mary Sibande wa Afrika Kusini, aliyemuumba Sophie, mfanyakazi wa nyumbani mwenye macho yaliyofumbwa na gauni la kazi lililokuzwa likawa la kifalme. Sibande, hata hivyo, anatoka katika ukoo wa wanawake waliofanya kazi hiyo, na umbo la Sophie limetokana na mwili wake mwenyewe. Mimi sina haki hiyo juu ya mwili wa mama huyu, wala wa mgonjwa wake. Sichori uso wala mkono; ninaandika saa.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba saa bilioni 16.4 hutumika kila siku duniani kwa ulezi na kazi za nyumbani zisizolipwa, na kwamba zaidi ya robo tatu hufanywa na wanawake. Ninaiheshimu hesabu hiyo, ila ukubwa wake unawameza watu wenyewe, na ndiyo sababu ninaing'ang'ania siku moja ya mtu mmoja.

Lililobaki kubwa ni jina, yaani maandishi ya leso. Nilikuwa nimeandaa methali kadhaa, na mama akazisikiliza zote kwa adabu kisha akaomba ziandikwe saa za dawa. Nimekubali. Jina litasomeka, kwa herufi kubwa kama ilivyo desturi: KUMI NA MBILI ASUBUHI, NANE MCHANA, NNE USIKU. Tumekubaliana pia kwamba muda anaokaa nami kunieleza nitaulipia, kwani ningeona aibu kutengeneza kazi juu ya jasho lisilolipwa kwa kuchukua jingine bure.

Na kwa kuwa leso huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, nitashona kipande cha pili kinacholingana na hiki, kiwe chake, akitumie apendavyo, hata kama ni kumfunika mgonjwa. Cha kwanza ningependa kianikwe kwenye kamba ya nguo uani, majirani wakisome kwa mikono, kabla sijakipeleka penye ukuta wa maonyesho. Wiki hii ninarudi Mtaa wa Biashara kutafuta uzi mweupe wa aina ileile, maana mistari ya usiku inakula uzi mwingi kuliko ya mchana.